Pimbi Tisa wa Mutwiri

Mimi ndiye niliyemfundisha Moffat Mutwiri kukaa kimya. Watu wanapenda kusahau hilo. Alipokuja chuoni kutoka Meru, mwaka wa sitini na nane, alikuwa kijana asiyeweza kutulia hata dakika mbili. Anatikisa goti, anakohoa, anaangusha kalamu, na kila mnyama wa mlimani anatoroka. Nilimkalisha juu ya jiwe nikamwambia, "Wewe kaa hapo mpaka miguu ife ganzi. Pimbi akikuzoea ndipo utaona vile anaishi." Akakaa, akaona, akafanya mtihani akapita kuliko nilivyopita mimi Makerere. Siku hiyo nilifurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi.

Basi sasa ni mwaka wa sabini na tano, na Mutwiri huyo huyo amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya udaktari, ndevu, na koti la kodroi. Na mimi Watiri? Mimi bado mwalimu msaidizi. Miaka kumi na mmoja mwalimu msaidizi, nabeba darubini za wanafunzi na kuhesabu blanketi. Mtu akiniuliza kama nilimwonea wivu, sitamzungusha. Nilimwonea wivu asubuhi, mchana na jioni, na usingizini pia.

Kila Agosti tulikuwa tunaleta wanafunzi wa mwaka wa pili kambini, juu ya Naro Moru, pale mianzi inapoisha na mawe makubwa yanapoanza. Wiki mbili. Tulikuwa tunawafundisha mageuko ya viumbe, si kwa mifupa iliyowekwa kabatini bali kwa kuangalia mnyama anavyokula, anavyopigana, anavyolea, na kujiuliza tabia hiyo ilimfaidi vipi babu yake hata ikafika kwake. Masomo hayo niliyaanzisha mimi. Nilianza na hema moja lililotoboka na wanafunzi sita wanaotetemeka. Mwaka huo wa sabini na tano idara ikapata nafasi ya kudumu: mhadhiri wa kusimamia masomo ya mlimani. Mkuu wa idara, Bwana Theuri, alituita ofisini, mimi na Mutwiri, akasema atakuja kambini Ijumaa ya wiki ya pili, atatusikiliza kila mmoja akifundisha, kisha atachagua. Nikikosa, mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba, na ningerudi kwetu Tetu kufundisha shule ya upili. Si kwamba nadharau shule ya upili. Lakini mlima ule ulikuwa wangu.

Mnyama wetu alikuwa pimbi. Asiyemjua atamwona kama panya mkubwa asiye na mkia, mnene, wa kahawia, anayeota jua mwambani. Wanaishi kwa jamaa. Wengine wakila, mmoja, mlinzi wao, husimama juu ya jiwe akitazama mbinguni, na akiona tai hupiga kelele ya kupasua masikio, wote wakaingia mianyani. Nilikuwa na madaftari ya miaka minane juu ya pimbi hao. Saa za mlinzi kupanda na kushuka nilikuwa naziandika mwenyewe. Kuhesabu jamaa, hiyo ilikuwa kazi ya Mzee Kingori.

Mzee Kingori alikuwa mpishi na mlinzi wa kambi. Wanafunzi walimwita Guka, yaani babu. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni alikaa msituni huko huko miaka mitatu, na alikuwa akituambia kwamba wanajeshi wakikaribia, pimbi walikuwa wanapiga kelele kwanza, na yeye na wenzake wanajificha. "Hawa waliniweka hai, mwarimu," alikuwa akiniambia. Kuandika alijifunzia ngumbaro akiwa mtu mzima, na alijivunia kila tarakimu. Kila alfajiri, pimbi wakitoka kuota jua, alikuwa anakaa na daftari na blanketi mabegani, anahesabu jamaa moja moja, kazi ya asubuhi nzima kwa maana wanaingia na kutoka. Mimi saa hizo niko na wanafunzi. Kwa miaka minane nilichukua hesabu zake nikaziweka sandukuni. Nilichotaka ni walinzi, sio idadi.

Mutwiri alipofika aliomba madaftari hayo. "Mwalimu, naweza kuyasoma?" Adabu anayo, hilo siwezi kumnyima. Nikampa. Ningefanyaje, nimnyime mbele ya mkuu wa idara? Akayasoma wiki nzima akinywa chai ya Guka. Na chai hiyo Guka alianza kumpelekea yeye kwanza, katika kikombe cha bati chenye maua mekundu. Kikombe hicho nilikuwa nikinywea mimi! Nilimwuliza Guka, akasema, "Si yeye ni daktari?" Siku hiyo chai yangu niliimwaga nyuma ya hema.

Jumatatu ya wiki ya pili Mutwiri akafundisha somo lake la kwanza. Nilidhani ataleta michoro ya ng'ambo. Wapi! Aliweka sufuria la viazi vya kuchemsha chini, akakalisha wanafunzi wanane kulizunguka, na wa tisa, kijana mmoja mrefu aitwaye Ngatia, akamsimamisha juu ya jiwe akivipa viazi mgongo. "Nyinyi ni pimbi," akasema. "Mimi ni tai. Ngatia, ukinipigia kelele nakuona wewe kwanza, nakula wewe. Ukinyamaza, nakula mwingine." Akavua koti, akaliinua kama mabawa, akaenda nyuma ya miti.

Tai alipotoka, Ngatia hakusema kitu. Aliruka akajificha, na Mutwiri akakamata wasichana wawili na viazi vyao mdomoni. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha Mutwiri akasema, "Sasa Ngatia, hawa wanane ni ndugu zako wa tumbo moja. Dada zako, na watoto wao." Akaenda tena. Safari hii Ngatia akapiga ukelele ukasikika Nanyuki, wote wakatawanyika, na Mutwiri akamfunika yeye na koti.

"Umekufa, Ngatia. Umepata faida gani?"

Mbeti akainua mkono.

Lazima niseme Mbeti alikuwa nani. Alikuwa msichana wa Runyenjes, binti ya mwalimu wa kanisa, mwenye akili kuliko wote. Kila nilipotaja mageuko, aliandika kichwa cha habari juu ya ukurasa, akaacha ukurasa mweupe. "Madam, siandiki nisichojua kama ni kweli," aliniambia siku ya kwanza, bila ujeuri. Wiki nzima nilikaa naye. Nilizungumza naye juu ya Mungu na wakati, nikamweleza kwamba mimi mwenyewe naimba kwaya. Hakuandika neno. Na sasa, kwa sababu ya viazi, mkono juu!

"Damu yake imebaki kwa ndugu zake," Mbeti alisema. "Hao watazaa, na watoto wao watakuwa na tabia ya kupiga kelele."

"Umesema vyema sana," Mutwiri akamjibu, na Mbeti akatabasamu.

Tabasamu hilo lilinichoma. Nilitaka kwenda kulipiga teke lile sufuria. Ati viazi! Mimi nilimlilia yule mtoto wiki nzima, na huyu anamchukua kwa viazi vya Guka!

Jumanne akaleta ubao. Alikuwa amepanga hesabu zote za miaka minane kwa nguzo: jamaa za pimbi watano, sita, saba, nane, tisa. Nguzo ya jamaa za tisa ilikuwa ndefu kupita zote. Baada ya tisa, hakuna kitu. Ubao mtupu. "Tazameni," Mutwiri alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Miaka minane, na hakuna hata jamaa moja iliyozidi tisa. Mlinzi mmoja anaweza kulinda wanane. Akizaliwa wa kumi, lazima mmoja afukuzwe, la sivyo tai anapata nafasi. Uteuzi wa maumbile umeweka mpaka hapo. Haya yametoka katika madaftari ya mwalimu wenu, Bi Watiri, na nafikiri yatajulikana dunia nzima."

Wanafunzi wakapiga makofi. Wakanigeukia mimi pia. Na mimi nilikuwa natazama ule ubao mtupu, na moyoni nilikuwa nimeanza kucheka.

Kwa maana mimi ni mtoto wa Nyeri. Nyanya yangu Wamucii alizaa watoto wengi, na ukimwuliza ni wangapi anakwambia, "Kenda, na imejaa." Tisa iliyojaa. Mabinti wa Mumbi, mama wa kabila letu, wenyewe walikuwa kumi, na mpaka leo tunasema ni tisa na imejaa. Watu walio hai na mifugo iliyo hai haihesabiwi ikakamilika, maana kuitaja yote ni kuiitia balaa. Ukifika tisa unafunga mdomo. Mtu wa zamani hata umpe pesa hatavuka.

Nilimfuata Guka jikoni, akiwa anamenya viazi. Nikamwomba twende mwambani. Jua lilikuwa limetoka na jamaa ya jiwe kubwa walikuwa wamelala kifudifudi. "Guka, hao ni wangapi?"

Akatazama kwa makini, midomo ikicheza. "Kenda, na wamejaa."

Mimi nilikuwa nimeshahesabu kimya. Kumi na wawili.

"Na katika daftari unaandika ngapi?"

"Tisa. Si ndivyo nimesema?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la mama yake. "Mwarimu, we unataka niwamalize? Hawa ni kama mbuzi wangu. Ukiwataja wote, tai anasikia."

Nikamwambia asante, Guka. Ningetoka pale niende moja kwa moja kwa Mutwiri. Hatua hamsini tu. Ningesema, "Daktari, kuna kosa, na ni kosa langu pia, maana nilimpa mzee kazi bila kumwuliza mila yake." Ningefuta ubao pamoja naye na tungecheka. Sikwenda. Nilijiambia, mwache. Mwache ajenge mpaka Ijumaa, apake na rangi, halafu mbele ya Bwana Theuri nivute tofali moja tu. Jioni nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Mutwiri atie mguu kambini.

Jumatano Mbeti alinijia nikiwa nafua soksi mtoni. Alikuwa na daftari kifuani na kalamu ya wino.

"Madam, ile tisa ya daktari. Ni kweli?"

"Mbona unaniuliza mimi? Si mwalimu wako ni yeye siku hizi?" Nilishindwa kujizuia.

Hakushika mzaha huo. "Madaftari ni yako. Nimekuwa nikifikiria. Kama hakuna wa kumi kwa miaka minane, hiyo si bahati. Kuna kitu kinachowapanga, na mimi sina jibu lingine. Nimeomba juu yake. Sasa nataka kusikia kwako, kwa sababu wewe hukunilazimisha. Ukisema ni kweli, nitaandika yote, tangu ukurasa wa kwanza."

Maji yalikuwa baridi kama barafu na mikono yangu haikuwa na hisia. Nikamtazama. Nikijibu hapana, Mutwiri atajua kabla ya chakula cha mchana, na Ijumaa yangu imeisha.

"Andika," nikamwambia.

Akasema asante madam. Akakaa juu ya nyasi hapo hapo, akaanza kujaza kurasa zake nyeupe kwa mwandiko mzuri, na mimi nikaendelea na soksi.

Ijumaa Bwana Theuri alifika na Landrova saa tatu, na kofia yake ya sufu. Tukamkalisha kwenye kiti cha kukunja mbele ya jiwe kubwa. Guka alikuwa amevaa koti lake la kanisa kwa ajili ya mgeni, akasimama nyuma na birika. Mutwiri alianza. Mungu wangu, alifundisha! Alimtoa kila mtu pale mwambani akampeleka maelfu ya miaka nyuma, kwa pimbi wa kwanza aliyepiga kelele wakati angeweza kunyamaza. Alipofika kwenye tisa yake, Bwana Theuri alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza tu mdomo wazi. Makofi yalipigwa mpaka pimbi wakaingia mianyani.

Nikangoja warudi. Nikainua mkono, mimi, kama mwanafunzi.

"Daktari, somo tamu sana. Lakini ebu tuhesabu hao walio mbele yetu. Ngatia, wewe una sauti. Hesabu."

Ngatia akaanza, kidole juu. "Moja. Mbili. Tatu." Mutwiri alikuwa anatabasamu. "Saba. Nane. Tisa." Akasita, akanitazama. Nikamtingishia kichwa aendelee. "Kumi..."

"Nyamaza!" Ilikuwa sauti ya Guka. "We kijana, nyamaza!"

"Endelea," nikasema.

"Kumi na moja. Kumi na mbili."

Nikasimama. Nikawaeleza yote, na nilieleza vizuri, siwezi kudanganya, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Nikawaambia juu ya kenda na imejaa, juu ya wazee wetu wanaofunga hesabu kwenye tisa, na jinsi daktari wa kutoka ng'ambo alivyokaa wiki nzima akipima mila ya mpishi akidhani anapima pimbi. Wanafunzi walicheka. Nikaendelea kuwachekesha. Nikamwigiza Guka, midomo ikicheza, "Tisa, mwarimu, tisa!" Nilipogeuka nilimwona Guka ameweka birika chini. Alichukua kofia yake, akashuka kuelekea jikoni bila kuniangalia.

Mutwiri alifungua daftari, akalifunga. "Mimi sikuhesabu mwenyewe hata asubuhi moja," akasema. "Nililewa na hesabu. Ni kosa langu, bwana mkuu. Samahani, darasa."

Hakusema ni daftari la nani. Hakusema ni nani aliyempa mzee kazi hiyo. Angesema! Ningejua namna ya kumjibu.

Bwana Theuri alinigeukia. "Kazi nzuri, Bi Watiri. Macho makali. Uliligundua lini?"

Na mimi kwa majivuno, nikitaka ajue kwamba sikuhitaji wiki nzima kama wengine, nikasema, "Jumanne. Nilipouona tu ubao, nilijua."

Palikuwa na upepo kidogo. Bwana Theuri alikunja uso, akaanza kusema kitu, lakini Mbeti alikuwa ameshasimama.

"Jumanne, madam?"

Nikageuka kuwatazama pimbi.

"Nilikuja mtoni Jumatano." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Nilikuuliza kama ni kweli. Ukaniambia niandike."

Wanafunzi wakanitazama. Ngatia, ambaye bado alikuwa na kidole juu, akakishusha. Nilitaka kusema kwamba mengine yote ni kweli, kwamba mlinzi na kelele na damu ya ndugu ni kweli, kwamba ni tisa tu iliyokuwa uongo. Lakini ningewaambiaje wachague? Wao wangejuaje ni siku gani ninasema kweli na ni siku gani nina mambo yangu?

Bwana Theuri alikohoa. Akageuza ukurasa. "Mutwiri amemaliza," alisema. "Bi Watiri, sasa ni zamu yako. Fundisha."

Nikaenda mbele. Somo langu lilikuwa juu ya saa za mlinzi, miaka minane ya kukaa katika baridi, na kila dakika yake niliipima mwenyewe kwa saa hii ya mkononi. Lilikuwa somo la kweli kuliko yote niliyowahi kufundisha. Nikaanza kusema. Nilisema juu ya mlinzi wa kwanza wa asubuhi, yule dume mzee mwenye kovu, na muda anaokaa bila kula. Nikaona madaftari yamelala magotini, yamefungwa.

Mbeti akainua mkono.

"Ndiyo, Mbeti."

"Madam, hii tuandike?"

Aliuliza kwa dhati. Alitaka kujua. Nikaendelea kusema juu ya yule dume mwenye kovu. Hakuna aliyeshika kalamu, ila mtu mmoja nyuma kabisa, karibu na birika la Guka. Mutwiri alikuwa ametoa daftari lake, amekaa kimya kabisa juu ya jiwe, goti halitikisiki, na alikuwa anaandika kila neno langu. Nikamchukia siku hiyo kuliko siku nyingine zote.